Usiku wa Oktoba 31

Juzi mdogo wangu kaniuliza tukiwa kwenye gari: kama bado hajui mwakani atasoma kalkulasi au takwimu, atume maombi ya chuo mapema au asubiri? Sikumjibu pale pale. Akili ilishanirudisha Houston, Texas, mwaka 2016.

Ratiba yangu ya darasa la kumi na mbili ilikuwa inaning'inia. Mwalimu wa fizikia aliondoka Septemba, na tangu hapo kila wiki tulikuwa tunaletewa mtu mwingine wa kutusimamia. Shule ikasema huenda darasa litafutwa, na likifutwa nitaisoma fizikia muhula wa pili kwenye chuo cha jamii cha jirani, vile vyuo vya umma vya miaka miwili. Huenda. Na mimi nilikuwa naomba uhandisi! Texas kuna sheria ya 1997 inayowapa nafasi kwenye vyuo vikuu vya serikali wanafunzi wanaoongoza shuleni kwao, lakini inakuhakikishia chuo tu, kozi hapana. Halafu chuo nilichokipenda kilikuwa jimbo lingine: maombi ya mapema mwisho Novemba 1, ya kawaida mwisho Januari. Fomu ya msaada wa fedha, FAFSA, tulikwishaijaza, maana ndio mwaka ilipoanza kufunguliwa Oktoba 1 badala ya Januari. Kilichobaki kilikuwa fizikia.

Basi usiku wa Oktoba 31 tuko jikoni. Ni Halloween, watoto wa majirani, na vinyago vyao, wanagonga mlango kuomba pipi. Baba anainuka, anawagawia, anarudi kukaa. Mama keshavaa sare, zamu yake kwenye nyumba ya wazee inaanza saa tano. Kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, kuna sehemu ya kuorodhesha masomo ya mwaka huo, na nimeshaandika AP Physics, fizikia ya kiwango cha chuo. Baba akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya maneno yale.

"Mwalimu kapatikana?"

"Bado, baba."

"Sasa hili somo unalisomea wapi?"

Nikamweleza alivyoniambia mshauri wa shule: andika kilichopo kwenye ratiba leo, kikibadilika tutawaarifu, na alama za nusu mwaka watatumiwa. Baba akashuka mpaka mwisho wa fomu, pale unapothibitisha kwamba yote uliyoandika ni kweli. Akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Hapa unaapa, mwanangu. Tungoje Januari."

Mama akakataa. "Tungesubiri kila kitu kinyooke, hata ndege tusingepanda. Hamna mahali pa kueleza? Waeleze."

Palikuwepo, sehemu ya maelezo ya ziada. Mama akasimama nyuma yangu, mkono begani, nikawa naandika huku namsomea. Kwamba fizikia ipo kwenye ratiba yangu lakini haina mwalimu. Kwamba darasa likifutwa nitaisoma chuo cha jamii kuanzia Januari. Kisha nikaandika: nataka kuisoma. Nilitaka kuongeza maneno, mama akanibonyeza bega. "Ishie hapo."

Baba akaisoma mara mbili.

"Hii naweza kuiapia," akasema. Nikabofya.

Darasa lilifutwa kabla ya Krismasi. Desemba chuo hakikunikubali wala kunikataa, kikanisogeza kwenye kundi la Januari. Nikasoma fizikia jioni, baba akinipeleka na kunifuata. Machi nikapata nafasi.

Kwa nini walinisogeza, hawakusema. Baba anaamini ni yale maelezo: waliona fizikia inayumba, wakaamua kungoja, na kama tungetuma Januari wangepokea ratiba iliyokamilika. Mama anaamini ni maelezo hayo hayo yaliyonipa nafasi Machi. Nimewasikiliza wote wawili miaka hii yote, na kila mmoja akiongea namwona ana haki. Ila ile sentensi ya mwisho nisingekubali kuifuta.