Matriksi haijabadilika, hesabu mpya ya nini?

Jamani hii tabia ya kutafuta kinyume cha matriksi (jedwali la namba; kinyume chake ni lile ukilizidisha nalo unapata matriksi ya 1 kwenye mshazari na 0 kwingine) ileile ndani ya lupu, kila mzunguko, na matriksi yenyewe haijaguswa hata namba moja, tuiache. Ukubwa ukiongezeka mara 2 kazi inapanda kama mara 8, na ya 1000 kwa 1000 inataka operesheni kama bilioni 2, sasa zidisha na mizunguko yako yote uone. Kuliweka jibu lake kwenye kache (mahali pa kuhifadhi jibu usilihesabu tena) ni MB 8 tu za memori, namba moja baiti 8, basi.

Kwenye lugha ya R unaandika funksheni inayobeba matriksi na kinyume chake humohumo, kinyume kinaanza NULL (yaani hakuna kitu), kikiulizwa unacheki, kipo unakitoa, hakipo unaita solve(), ndo inayokitafuta, alafu unakihifadhi kwa <<- (sio <- ya kawaida, hiyo inakiacha ndani ya funksheni ndogo ya kuhifadhi, ikimaliza nacho kinapotea na kache haijai kamwe). Ila kazi yenyewe hasa iko hapa: matriksi ikibadilishwa tu, hapohapo kinyume kirudi NULL. Ukisahau hutaona error yoyote, utapewa jibu zuri kabisa la matriksi ambayo haipo tena na utaendelea nalo mbele bila kushtuka, na hilo ndo linanitisha kuliko programu kuwa slo.

Python nayo, lru_cache (kache yake ya majibu ya funksheni) inakataa array ya NumPy, yaani matriksi ya maktaba ya namba ya Python, kwa sababu haina hash (namba ya utambulisho ambayo kache inatafutia), na mi naona ni sawa kabisa, array inabadilishwa palepale ilipo, id yake (alama ya kitu kwenye memori) inabaki ileile, namba ndani ni zingine. Tengeneza ufunguo wa kache kutokana na baiti zake pamoja na shepu na dtype (aina ya namba), kuzisoma zote ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kutafuta kinyume.

Na kabla ya yote jiulize kama kinyume unakihitaji kweli, maana mara nyingi mtu anatatua Ax = b (A ni matriksi, anatafuta x), A imetulia, b ndo zinakuja mpya mpya. Hapo hifadhi LU (A ikigawanywa kuwa matriksi mbili za pembetatu), ni kama theluthi ya kazi ya kinyume na kwa kawaida majibu yanatoka sahihi zaidi. SciPy, maktaba ya Python, inazo tayari, lu_factor unaita mara moja, lu_solve kila b ikija.