Misimu minne nyuma ya elki

Nilihisi upepo kisogoni, na kabla sijageuka jike mmoja wa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, akabweka. Elki akishtuka hubweka kama mbwa mkubwa, sauti moja kali. Kisha ikafuata vurumai ya matawi kuvunjika, kwato, na mawe kuporomoka korongoni. Dakika moja baadaye msitu ulikuwa kimya, nami nimesimama na bunduki mkononi, harufu yao bado iko puani, kama ya zizi la ng'ombe lililolowa. Walikuwa hatua sitini tu mbele yangu, na nilikuwa nimewanyatia tangu alfajiri.

Huo ulikuwa msimu wangu wa pili wa kuwinda huku Colorado. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba namwinda kwa macho na miguu mnyama anayeishi kwa pua.

Nimekulia Taita, jirani na Tsavo. Kwetu mnyama ni mali ya serikali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo ujuzi wa wazee waliowinda kwa upinde uliishia kwao. Tembo wakiingia shambani tulipiga madebe na kuwasha moto, basi. Nilipohamia Denver nikajikuta nafanya kazi na watu ambao kila Oktoba hujaza friji nyama ya elki. Huyu ni mnyama wa milimani, dume lake hupita kilo 300, pembe zake za matawi huanguka na kuota upya kila mwaka, na Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Nikatamani. Nikasoma kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949, nikanunua leseni ya dume, na fulana na kofia ya rangi ya machungwa, maana sheria inataka uvae rangi inayong'aa msimu wa bunduki ili wawindaji wenzako wakuone.

Msimu wa kwanza hauna mengi. Nilipiga hema karibu na barabara, kule kwenye milima ya Flat Tops, nikakaa mchana kutwa nikiangalia mbuga za wazi kwa darubini. Viatu vipya vilinichubua visigino. Sikumwona hata mmoja. Elki wanaosumbuliwa na watu hula usiku na asubuhi mapema, kisha hupanda kulala kwenye msitu mzito wa misonobari, mara nyingi upande wa mlima unaotazama kaskazini ambako jua halichomi. Mimi nilikuwa nalinda meza baada ya wageni kuondoka.

Sasa turudi kwenye upepo, maana hapo ndipo penye somo. Usiku na alfajiri hewa ya milimani ni baridi na nzito, hivyo huteremka bondeni kama maji. Jua likishapasha mteremko, hewa hubadilika na kuanza kupanda. Asubuhi ile nilitoka chini kwenda juu na ubaridi ukinipiga usoni, na hilo lilikuwa sawa kabisa. Kosa langu ni kwamba saa tatu ilipopita na jua likafika kwenye miti, niliendelea kupanda vilevile. Hewa ikageuka, ikabeba jasho langu la siku tatu hadi kwao.

Jirani yangu, mzee aliyewinda tangu utotoni, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniletea kichupa cha unga laini. "Puliza kila unaposimama," akaniambia. "Unga ukienda kwao, rudi nyuma, hata kama unawaona." Kichupa kile hakijatoka mfukoni mwangu tangu siku hiyo.

Msimu huohuo, siku ya mwisho, nilifanya kosa jingine ambalo bado linaniuma. Dume ambalo sheria inaruhusu kupigwa lilitokea ng'ambo ya korongo, kama mita 300, nami nimetoka kupanda mbio, moyo unadunda hadi masikioni. Nikafyatua. Lilikimbia. Nilitafuta damu kwa saa nne, hatua kwa hatua, nikiinama kwenye kila jani, hadi nikaridhika kwamba risasi haikuligusa. Mazoezi yangu yote nilikuwa nimeyafanya nimeketi mezani kwenye uwanja wa shabaha, bunduki imelazwa juu ya mto. Mlimani hakuna meza. Mwaka uliofuata nilijizoeza kupanda ngazi mbio kisha kukaa chini na kulenga nikiwa nahema, bunduki tupu, jioni baada ya jioni. Nikajiwekea mpaka: zaidi ya mita 200 sipigi.

Msimu wa tatu nilipata kibali cha jike kwenye bahati nasibu ambayo jimbo hugawia vibali. Nikampiga saa kumi jioni, mita 120, akaanguka palepale. Nilishukuru kwa sauti, peke yangu, kwa Kitaita. Halafu furaha ikanifanya mjinga. Giza lilikuwa linaingia na theluji inaanguka, nikafikiri theluji ni friji. Nikamtoa matumbo, nikachuna upande wa juu, nikateremka kulala. Asubuhi nilipomgeuza, paja lililolala chini lilikuwa bado vuguvugu. Ngozi ya elki ni blanketi, na theluji iliyo chini yake huzuia joto lisitoke. Nilipokata hadi kwenye nyonga, nyama ya karibu na mfupa ilikuwa ya kijani na inanuka. Mnyama ametoa uhai wake, nami nikamwaga paja zima kwa uvivu wa saa mbili.

Mwaka jana nilikwenda na shemeji yangu. Jike lilianguka karibu na jua kuzama. "Shemeji, tule kwanza," akasema. Nikamwambia hapana, washa taa. Tukachuna pande zote mbili, tukatenga mikono na mapaja, tukatoa sarara ndefu za mgongoni, tukaacha kwenye nyama kiungo kinachoonyesha kwamba ni jike, kama sheria inavyotaka. Tulikata paja kwa urefu hadi mfupa uonekane, tukaingiza kila kipande kwenye mfuko wake wa kitambaa, tukavitundika kwenye tawi upepo uvipige. Paja moja lilikuwa kama kilo 25, tukalinyanyua wawili. Saa nne usiku ndipo tulipokula.

Kabla ya mapambazuko nilitoka hemani na taa kichwani, nikafungua mfuko wa kwanza, nikaingiza vidole kwenye mkato hadi nikaugusa mfupa wa nyonga. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.