Nilivyoacha kuhangaika na paking chuoni Seattle

Jamani mimi nilikuja kusoma masters University of Washington, Seattle, mwaka 2023 mwezi wa tisa, na kabla somo lolote halijanitoa jasho kilichonitoa jasho ni mahali pa kuweka gari. Digrii ya kwanza nimesoma Mlimani pale Dar, gari sina, unadandia daladala unabanana unashuka chuo, habari imeisha, mambo ya paking ni ya walimu. Huku nikapanga Kent, mji ulio kusini ya Seattle, kwa sababu kodi ya karibu na chuo sikuiweza, nikanunua Corolla ya 2006, mkweche wenye mlango mmoja rangi yake tofauti, nikajiona nimeshayapatia maisha.

Siku ya kwanza nikaingia nayo kampasi. Paking za pale zinaitwa kwa herufi na namba, N kaskazini, E mashariki, S kusini, W magharibi, C katikati, ukishalijua hilo hupotei. Mimi nikaelekezwa E1, liuwanja likubwa hasa karibu na Husky Stadium, uwanja wa michezo wa chuo, zamani palikuwa dampo. Nafasi nikapata, hela nikalipa, nikashuka kwa raha zangu. Kumbe darasa langu liko jengo la Hans Rosling, 15th Avenue, upande wa pili kabisa wa kampasi, na E1 iko bondeni! Unavuka daraja la waenda kwa miguu, unapanda, unadhani umefika, unapanda tena. Nimeingia darasani nimelowa, nje mvua ndani jasho, mwalimu kashamaliza utambulisho. Jioni nikapiga hesabu ile hela ya siku mara siku nne mara wiki kumi, maana huku muhula wanauita kwota na una wiki kumi na mitihani yake, nikafunga kalkuleta nikalala.

Ndiyo nikaanza ujanja wa mtaani. Kaskazini ya 45th Street kuna mitaa ya nyumba kubwa kubwa za vile vyama vya wanafunzi, miti mingi, njia nyembamba, na magari yamepaki pande zote mbili mpaka mkikutana wawili mmoja arudi rivasi. Mitaa mingi ina vibao vya RPZ, yaani eneo la paking yenye masharti, kama huna kibali cha mkazi mwisho wako masaa mawili, kwa hiyo nikawa natoka darasani katikati ya kipindi nakimbia kuhamisha gari kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Asubuhi nilikuwa nazunguka dakika thelathini, arobaini, naunguza mafuta tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Donald Shoup, profesa wa UCLA, chuo kikuu kule Los Angeles, aliyechunguza habari za paking miaka na miaka, alipiga hesabu ya blok 15 tu za Westwood Village jirani na chuo chao, akakuta magari yanayozunguka kutafuta nafasi yanakula kama maili 950,000 kwa mwaka. Nikasema huyu mzee ananijua.

Halafu siku moja nikapata nafasi safi kabisa, haina kibao cha masaa, nikapaki, nikashukuru Mungu. Narudi saa kumi jioni nakuta karatasi kwenye waipa. Faini. Sheria ya Seattle hutakiwi kupaki ndani ya futi 30 kabla ya alama ya STOP, hata kama hakuna rangi wala kibao kinachokuambia hivyo, na kwenye njia ya kuingizia gari nyumbani kwa mtu uache futi 5. Nikarudi kupima kwa hatua kama fundi asiye na tepu, hatua nane, yaani futi ishirini hivi. Kosa langu, sikuwa na cha kubisha, nikalipa hela ya kula wiki nzima.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja Mkenya, nesi, tunaishi jengo moja Kent. Nimemkuta chumba cha kufulia nikamwamkia shikamoo mama, akacheka kama kawaida yake, nyinyi Watanzania na shikamoo zenu, nikamsimulia faini. Akaniangalia.

"Na U-PASS unaifanyia nini?"

"U-PASS ipi mama?"

"Wewe kijana, fungua bili yako ya karo hapo kwa simu."

Nikafungua. Ipo bwana, mstari mzima. Ule mpango wa usafiri chuo kilianza nao 1991, na tangu 2011 kila mwanafunzi wa kampasi ya Seattle anakatwa kila kwota, upande usipande, na Husky Card yako, yaani kitambulisho chenyewe, unaigusisha kwenye mashine unapanda basi na treni. Yaani wiki tatu nzima nimelipa nauli, nikalipa paking, nikalipa na faini juu. Mama akafulia huku anatikisa kichwa.

Akaniambia gari nikaliache Angle Lake, pale mji wa SeaTac jirani na Kent, halafu nipande treni mpaka chuo. Kuna jengo la paking la ghorofa limeshikana na stesheni, linabeba magari zaidi ya elfu moja, wakati ule bure, sharti usizidishe saa 24. Nikaanza hivyo Jumatatu yake. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, robo saa niko pale, nikichelewa mpaka saa mbili nazunguka ghorofa zote. Wakati ule Angle Lake ndiyo ilikuwa mwisho wa reli upande wa kusini, treni inakuja tupu, siti ya dirishani ni uhakika, unasoma, au unalala. Mimi nililala. Siku ya presentesheni ya kundi, nafumbua macho naona watu wote wanashuka, kibao Northgate, siku zile mwisho wa reli kaskazini. Wenzangu walinisubiri mlangoni na nyuso hizo.

Ila ngoja niwape uzembe wangu mwingine. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nashuka stesheni inayoitwa University of Washington, si ndiyo jina la chuo? Ile stesheni iko uwanjani pale pale, majirani na E1, kwa hiyo kilima ni kile kile nilichokikimbia. Ukivumilia stesheni moja mbele, U District, unatoka juu unatembea dakika sita, tambarare, uko Hans Rosling. Ila kama unasoma upande wa hospitali au injinia, hiyo ya uwanjani ndiyo yako, usinifuate mimi.

Gari sikuacha kabisa kwenda nalo. Siku za mizigo au kazi ya usiku tulikuwa tunajaa watatu kutoka Kent, tunachanga hela ya paking, na wa kwanza kushuka mvua ikinyesha ni asiyechangia mafuta. Jumamosi za mpira wa Kimarekani ndiyo usithubutu, uwanja unachukua watu 70,000 na E1 inageuka sherehe, watu wanachoma nyama nyuma ya magari. Siku hizo treni toka Angle Lake imejaa mashati ya zambarau.

Nilimaliza 2025. Desemba ile ile reli ikafika Federal Way, kwa hiyo ukipandia Angle Lake sasa unawakuta wenzako wameshakaa. Mdogo wangu anaanza mwezi wa tisa, keshaniuliza anunue gari gani, nimemwambia kwanza anitumie picha ya bili ya karo.