Jinsi tulivyopanga mafunzo ya kuzuia kisukari pamoja na wanawake Weusi wa Baltimore

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa mafunzo ya kuzuia kisukari katika kanisa moja la Wamarekani Weusi jijini Baltimore, mtaala ulikuwa tayari. Ni ule wa taifa, wa mwaka mzima, uliotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ambao ulionyesha kwamba watu walio hatarini wakipunguza uzito kiasi na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kupata kisukari cha aina ya pili hupungua kwa asilimia 58. Hata hivyo, takwimu hizohizo zilipochambuliwa baadaye, ilibainika kwamba wanawake Weusi walipungua uzito kidogo kuliko washiriki wengine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupanga ratiba yoyote, niliomba kuketi na akina mama wenyewe.

Jambo la kwanza walilolitaja lilikuwa nywele. Mwanamke aliyelipa saluni na kukaa humo nusu siku akinyooshwa nywele hawezi kukubali jasho liziharibu kesho yake, na hili si suala la urembo tu, kwa kuwa wengi walisema kazini hutazamwa vibaya nywele zisipokuwa zimetengenezwa. Regina Benjamin, alipokuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alilizungumzia hadharani mwaka 2011. Tuliyaweka mazoezi mazito siku moja kabla ya siku ya kuosha nywele, siku nyingine tukatembea kwa mwendo wa wastani, na msusi mmoja muumini wa kanisa hilo akaja kufundisha misuko inayostahimili jasho.

Upande wa chakula, nilikataa kugawa karatasi za vyakula vilivyokatazwa. Mboga wanazozipenda ni jamii ya sukuma wiki yetu, nazo hazina ubaya wowote. Chumvi na mafuta hutoka kwenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi wanayoipikia. Tulipika sufuria mbili jikoni mwa kanisa, moja kwa nyama hiyo, nyingine kwa bata mzinga wa moshi, kitunguu, pilipili na siki. Bibi mmoja alionja ile ya pili, akanyamaza, kisha akaongeza siki na kuniambia, "Sasa iandike hivi, binti yangu."

Kuhusu kupima damu, tulikwenda polepole. Kumbukumbu ya Tuskegee, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wachunguzwe, bado iko hai, kwa hiyo kila mmoja alielezwa majibu yake yatakwenda wapi na nani atayaona. Tuliwauliza pia kama wamerithi vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, kwa kuwa kwa mwenye navyo kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kinaweza kuonyesha namba ya chini kuliko hali halisi.

Mimi ni muuguzi niliyezaliwa Kenya, na rangi yangu pekee haikunipa haki ya kuwasemea. Waliosimamia vikao walikuwa wanawake wa mtaa huo wanaoishi na kisukari, waliofunzwa na kulipwa. Vikao vilifanyika jioni, watoto na wajukuu wakiangaliwa chumba cha pili na chakula kikiwa mezani. Mfadhili alipopendekeza tuondoe gharama za walezi wa watoto ili tununue mizani, washiriki wenyewe walimweleza nani angebaki nyumbani, naye akaziacha zilivyokuwa.