Siku moja na komwe 288: mwalimu wa Hisabati, Lindi

Saa 11 alfajiri. Nimekaa sakafuni nyumbani, Mtanda, nahesabu komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao. Makundi 12, kila kundi komwe 24, jumla 288. Nyingi niliziokota mwenyewe vichakani karibu na ufukwe, na nyingine nilipewa na mzee mmoja anayecheza bao barazani kwake kila jioni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mzee yule anaona kichwani kete zake zitaishia shimo lipi kabla hajazigusa. Sijawahi kusikia mtu akisema wazee wa bao hawajui hesabu. Mbona basi tunawaambia hivyo wajukuu zao?

Saa 1:30 mstarini, salamu, usafi. Leo zamu si yangu, nashukuru.

Saa 2 naingia darasa la tano. Wapo 68, na kipindi ni dakika 40. Naandika ubaoni: theluthi na robo, ipi kubwa? Mikono inanyooka palepale, ileile ya kila siku. Simchagui mtu. Nahesabu moyoni polepole hadi kumi, na kabla sijafika mwisho unanyooka mkono ambao sijauona tangu Januari: wa binti anayevuka maji kila asubuhi kutoka Kitunda.

"Robo, mwalimu. Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu."

Wengine wanacheka. Nawanyamazisha, maana kicheko cha namna hiyo ndicho kinachowafunga watoto midomo hadi darasa la saba. Mimi jedwali la kuzidisha nililijua kwa fimbo, na kwa miaka mingi nikisikia neno hesabu viganja vilikuwa vinatoka jasho. Jibu lake naliandika ubaoni kama alivyolisema, na sababu yake pembeni. Nauliza nani anafikiri kama yeye. Karibu nusu ya darasa wananyoosha mikono. Yeye anageuka nyuma, anawatazama, mabega yanashuka.

Nagawa komwe. "Choreni duara tatu kwa chaki juu ya dawati, mgawe sawasawa. Mkimaliza futeni, mchore nne." Kelele zinaanza, ila ni kelele za kazi: "Hapa umezidisha!", "Rudisha moja!" Napita katikati ya madawati bila kusema. Kwenye kundi lake, duara tatu zina komwe nane nane. Wanafuta, wanagawa upya: sita sita. Anazitazama zile sita, anazihesabu tena kwa kidole, kisha anainua uso.

"Mwalimu, kumbe tukiwa wengi kila mtu anapata kidogo."

Namwomba aje kulirekebisha jibu lake mwenyewe. Chaki anayo yeye, mimi nasimama nyuma. Nauliza sehemu moja ya nane je? Darasa zima: "Tatu! Ndogo zaidi!"

Saa 4:30 mapumziko. Mwenzangu mmoja ananiuliza kwa wema kabisa, kwa michezo hii nitamaliza mada lini, na huu ni mwezi wa nane. Namwambia sehemu nilizifundisha mwaka jana kwa siku mbili, nikazirudia kwa wiki tatu. Sipotezi muda.

Saa 5 na dakika chache natoka uwanjani na darasa la sita. Tunasimamisha fimbo ya mita 1, kivuli chake sentimita 60. Kivuli cha mlingoti wa bendera ni mita 4.2. Wanabishana, wanachora mchangani, wanapata mita 7 bila mtu kupanda popote. Hapo nawaambia habari ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, mkoani kwetu hapahapa, ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake mita 13.27. Wanatazama ncha ya mlingoti, kisha juu zaidi, hewani, mita 6.27 nyingine. Wanakaa kimya.

Kuna anayeuliza ilifikaje huko. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliifukua, na watu wa huku wakaibeba vichwani, mwendo wa siku nne, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. "Kila mtu akibeba kilo 30, ni mizigo mingapi?" Wanagawa. Zaidi ya 6,600. Mvulana mmoja anasema babu yake alimsimulia habari za wabebaji hao. Hesabu hiyo hataisahau.

Mchana unapita kwa vipindi vingine viwili na kikao.

Saa 2 usiku nasahihisha madaftari. Siku hizi sichori tena mkwaju mwekundu ukurasa mzima, naandika swali pembeni: "Hapa ulifikiri nini?" Niliwapa kazi ya kutunga hesabu ya nyumbani kwao. Daftari la binti wa Kitunda liko chini kabisa. Ameandika: "Ngalawa imepata samaki 24. Mwenye chombo anachukua nusu. Wavuvi ni 5. Kila mvuvi anapata samaki wangapi?"

Nagawa. Wawili wawili, na wawili wanabaki. Kesho nitamwuliza kwao hao wawili huwa wanapewa nani.