Siku Moja Cairo, Nikisoma Maji

Baba yangu alisoma maji kwa miaka 26. Ndivyo tulivyosema nyumbani Mwanza: "Baba kaenda kusoma maji." Kabla ya saa tatu asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake, Jumapili na sikukuu, alishuka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambalo sisi huliita Nyanza, karibu na bandari. Palikuwa na ubao wa kipimo umesimikwa majini, umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi kama rula ndefu ya darasani. Alitazama uso wa maji umegusa wapi, akaandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi akapeleka namba zake ofisi ya maji.

Likizo zikifika nilimfuata. Yeye alishika kalamu, mimi nikatazama. "Haya, soma, mama." Nami nasoma: moja nukta nane mbili. Alinifundisha kwamba ziwa halitulii, ukilisubiri litulie utakesha. Angalia wimbi linapopanda, angalia linaposhuka, namba ya kweli iko katikati. Nikikosea hata kwa sentimita moja alinirudisha nisome tena, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto sala. "Sentimita moja ya Nyanza nzima ni maji mengi, mama. Kuna watu Misri wanayangoja."

Nilimuuliza kama hata maji ya Mirongo, mto wetu mdogo mchafu unaokatiza katikati ya mji, nayo huenda Misri. Akasema hata hayo.

Novemba 2017 dada yangu alijifungua Hamburg, na mimi nikatumwa kwenda kumsaidia kulea. Tiketi ya bei nafuu ilipitia Cairo, na ndege ya kuendelea Ujerumani ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Wengine waliniambia ninaonewa, siku nzima ya kukaa bure njiani. Mimi nilikwenda ubalozini Dar es Salaam kuomba viza ya siku moja nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu isipokuwa baba. Alikuwa amestaafu miaka mitano. Akafungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa aliyopewa semina moja zamani, yenye picha ya nguzo ya mawe ndani ya shimo refu. Chini yake palikuwa na maelezo mafupi kwamba hapo ndipo Wamisri walipokuwa wakipima mto Nile. "Ukipata nafasi," akasema. Hakuongeza neno.

Tulitua asubuhi. Mzigo mkubwa, wenye dagaa na unga wa ulezi wa mzazi, ulikuwa umeandikiwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, kwa hiyo nilitoka nje na mkoba tu. Dereva wa teksi alitaka kunipeleka kwenye piramidi. Kwake hakukuwa na mgeni aliyekuja Cairo kwa jambo jingine. Nilimwonyesha karatasi ya baba, nikasema Nile, nikaonyesha kwa mkono maji yakipanda na kushuka. Akaangalia muda mrefu, kisha uso ukamwangaza: "Aah, miqyas!" Nikarudia neno lile mdomoni, nikasikia ndani yake *kiasi*, nikasikia *kukisia*. Ni neno letu hilo, limevaa kanzu tu. Bei nayo tulipatana hivyo hivyo. Yeye alisema mia, mimi nikasema sitini, tukakutana themanini, na wote wawili tulielewana bila mkalimani.

Nilimwomba anishushe kwanza Tahrir, kwa sababu sikutaka kuuona mto kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la gari. Nikatembea hadi daraja la Qasr al-Nil, lile lenye simba wanne wa shaba, wawili kila upande. Nikaegemea chuma cha daraja. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, unakwenda taratibu sana, na pande zote mbili mahoteli na majumba ya ghorofa yamesimama ukingoni kama watu waliopanga foleni kisimani. Kisha nikaona kitu kinaelea kinakuja: kisiwa kidogo cha majani mabichi mapana. Gugumaji! Lile lile lililoziba mialo yetu kuanzia miaka ya 1990, wavuvi wakawa hawawezi kutoa mitumbwi. Baadaye niliambiwa kwamba Wamisri wanaliita ua la Nile, *ward en-Nil*. Kwa jina zuri kama hilo mtu angedhani ni zawadi. Nilisimama nikilitazama likipita chini ya daraja, na nakiri kwamba nililia kidogo, mimi niliyeling'oa kwa mikono shuleni kila Ijumaa.

Nilichukua treni ya chini ya ardhi kituo cha Sadat. Treni hiyo ilianza kazi mwaka 1987, ya kwanza katika bara letu zima, na katikati yake kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Nilikaa katikati ya akina mama wenye vikapu. Mmoja alimenya chenza, akanipa nusu bila kuniuliza kama nataka. Nilipomtajia Malek el-Saleh akahesabu vituo kwa vidole vyangu mwenyewe, akikunja kimoja kimoja, na kilipofika akanisukuma mgongoni nishuke. Kutoka hapo nilivuka daraja kuingia kisiwa cha Roda, nikatembea kusini hadi nchi ilipoishia.

Hapo kwenye ncha ya kisiwa, mto unapogawanyika, pana jengo lenye paa la duara lililochongoka kama kofia. Jirani yake pana makumbusho ya Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, na siku nyingine ningeingia, maana taarabu yetu ya pwani ina deni Cairo tangu Sultani Barghash wa Zanzibar alipomtuma mtu wake kuja kujifunza muziki huku. Siku hiyo nilipita. Mzee mwenye kanzu ya kijivu alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango. Nikampa karatasi ya baba. Aliiangalia, akaniangalia, akainuka na funguo.

Kwa nje huwezi kudhani. Ndani ni shimo kubwa la mawe, ngazi zimezunguka ukutani hadi chini, na katikati inasimama nguzo moja ya marumaru yenye pande nane. Ilijengwa mwaka 861, enzi za khalifa al-Mutawakkil wa ukoo wa Abbas. Kutani mna aya za Kurani zinazotaja maji na mimea, zimechongwa kwa herufi za kale. Zamani njia tatu za chini kwa chini, kila moja na kimo chake, zilileta maji ya mto ndani ya shimo, ili uso wake utulie na usisumbuliwe na mkondo. Niliposimama pale juu ndipo nilipoelewa kwa nini walihangaika kuchimba shimo badala ya kusimika ubao mtoni. Walikuwa wametatua taabu ya baba. Ndani ya shimo hakuna wimbi. Msomaji hakuhitaji kutafuta katikati.

Nilishuka nikishika ukuta, maana upande wa ndani ngazi hazina kizuizi na mawe yameliwa na nyayo. Nguzo imekatwa alama hadi juu, dhiraa 19. Mzee alishuka nyuma yangu, akaonyesha kwa fimbo, akitaja namba kwa Kiarabu nami nikizijua nyingi kabla hajamaliza. Alipofika *sittashar* akagonga, akatabasamu, akashika tumbo kama mtu aliyeshiba. Hiyo ni dhiraa ya 16. Maji yakiifikia, mwaka ulikuwa wa shibe na serikali ilijua kodi ya mashamba itapatikana. Yasipofika, ni njaa. Yakipita sana, ni gharika. Msimu wa mafuriko walikuwepo wanadi waliozunguka mitaani kila siku kutangaza maji yamepanda vidole vingapi, na watu wakawatunza. Nikamfikiria baba na bahasha zake za mwisho wa mwezi, alizozipeleka kwa miguu, na sijui kama kuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Chini kabisa palikuwa pakavu. Njia za maji zimezibwa, na tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970 mto haupandi wala haushuki Cairo kama zamani. Niliweka kiganja kwenye nguzo. Ilikuwa baridi. Mzee akaniacha nikae kadiri nilivyotaka, na nilipotoka nilimpa bakshishi, akaipokea kwa mkono wa kulia na kuugusisha kifuani.

Mchana nilikula koshari, wali na dengu na tambi na vitunguu vya kukaanga katika bakuli moja, chakula cha kumshikilia mtu hadi usiku. Jioni jua lilipoanza kuzama, na Novemba huzama mapema huko, nilikodi mashua ya tanga kwa saa moja. Wanaiita feluka. Nahodha alikuwa kijana. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akatikisa kichwa kwamba analijua jina lakini si mahali. Nikakunja mkono wangu wa kushoto nikauweka mbele yake. Hapa kwenye kiwiko ndiyo Mwanza, ndiyo Nyanza. Huku njiani ni Uganda, Sudan Kusini, Khartoum. Hapa kwenye kifundo ni Cairo, vidole ni matawi ya mto yanayoingia baharini. Akaushika mkono wangu, akagusa kiwiko, akagusa maji, akasema, "Bahr?" Wao mto huo huuita bahari, kama Wasukuma tunavyoliita ziwa Nyanza, maji makubwa. Nikasema ndiyo.

Nilijua kwamba sehemu kubwa ya maji yale, zaidi ya robo tatu, hutoka milima ya Ethiopia na si kwetu. Baba hakuwahi kunificha. Alisema pia kwamba ya kwetu mengi huishia kwenye vinamasi vya Sudan Kusini, yakanyauka na jua. Hata hivyo nilitia mkono.

Kuna jambo nililokuwa nimelibeba moyoni kwa miaka. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba katika nchi ilizozitawala pasijengwe kitu mtoni wala kwenye maziwa yanayoulisha, kitakachopunguza maji, bila Misri kukubali. Sisi hatukuulizwa. Nyerere alisema mwaka 1962 kwamba Tanganyika huru haifungwi na maandishi hayo, lakini bibi yangu upande wa Kahama alizeeka akichota maji ya madimbwi, na ziwa liko kaskazini yake. Bomba la ziwa lilipofika Shinyanga na Kahama, yeye hakuwepo tena. Kwa hiyo nilikuja Cairo na kinyongo kidogo. Pale kwenye mashua, taa za mji zikiwaka pande zote, mamilioni ya watu katika nchi ambayo mvua yake ni haba mno, niliwaelewa hofu yao. Hawana kisima kingine. Lakini bibi naye alikuwa na kiu, na hilo sikuliacha majini.

Usiku nilirudi uwanja wa ndege mapema, nikatafuta kiti karibu na ukuta, nikampigia baba. Mwanza ilikuwa inakaribia saa nne.

"Ulifika?"

"Nilifika, baba."

"Kilisoma ngapi?"

Nikamwambia shimo ni kavu, hakuna maji ya kusoma, bwawa limemaliza kazi ile. Akanyamaza. Nikamweleza njia tatu za chini kwa chini na maji yanavyotulia, na hapo nikamsikia akivuta pumzi. "Kumbe," akasema. "Kumbe hivyo." Mwaka 2006, ziwa liliposhuka kwa ukame na kwa maji mengi mno kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, ubao wake ulisimama kwenye tope, naye aliendelea kwenda kila asubuhi na kuandika. Nadhani aliikumbuka miezi ile, ingawa hakuitaja.

"Dhiraa moja ni sentimita ngapi?"

"Kama 54."

Nikasikia kiti kikisogezwa, mtoto wa meza ukifunguliwa, mama akiuliza kwa mbali ni nani anapiga saa hizi. Karatasi zikafunuliwa.

"Haya, soma, mama."

Nikafumba macho nikaiona nguzo, nikaanza kumsomea alama zake, kutoka chini kwenda juu.