Nilivyopima ugumu wa jeli inayojivuta yenyewe

Jeli niliyotakiwa kuipima ilikuwa ya aktini, nyuzi za protini zenye unene wa nanomita 7 hivi, na miosini, ile protini inayozivuta nyuzi hizo msuli unapojikunja. Zote zilitoka kwenye misuli ya sungura. Vitu vya namna hii vina mnato na unyumbufu kwa pamoja: ukivisukuma upesi vinarudi, ukivisukuma polepole vinatiririka. Kwa hiyo anayeuliza "ina ugumu gani?" hana budi kusema kwanza anaisukuma kwa masafa gani, yaani mara ngapi kwa sekunde.

Mashine ya kawaida, inayopima tone la jeli likiwa kati ya sahani mbili, sikuitaka. Protini ni ghali, na pembeni tone linapokutana na hewa protini hutanda utando mgumu. Usipojihadhari, unapima utando huo ukidhani ni jeli. Nikaingiza ndani ya jeli shanga za plastiki za mikromita 1 na kuzifuatilia kwa leza chini ya hadubini.

Shanga hutikiswa na joto. Tangu Einstein mwaka 1905 inajulikana kwamba mtikisiko huo unafungamana na ukinzani wa kimiminika kinachoizunguka, na mwaka 1995 wanafizikia Mason na Weitz walionyesha namna ya kuutumia kupata mnato na unyumbufu wa vitu laini. Ila kuna sharti: ndani ya kitu hicho asiwepo anayekula nishati. Miosini inakula ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.

Basi kila shanga niliipima mara mbili. Kwanza niliitazama tu ikijitikisa, kisha nikaiyumbisha kwa leza ya pili na kuona inaitika vipi. Nilianza na jeli isiyo na miosini, na hapo ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda, maana sikutaka kugusa miosini kabla mikondo miwili, yaani michoro ya vipimo hivyo viwili kwa kila masafa, haijalaliana kabisa. Anayeruka hatua hii hatajua baadaye kama tofauti anayoiona ni ya jeli au ya vifaa vyake.

Nilipotia miosini, mikondo iliendelea kukubaliana kwenye masafa ya juu, lakini chini ya hezi 10 hivi ikaachana. Mtafiti Mizuno na wenzake kule Amsterdam walikwisha kuripoti jambo hilo mwaka 2007, pamoja na jeli kukakamaa karibu mara 100. Yangu haikufika huko.

Kilichonivutia zaidi ni hiki: shanga ilitikisika kwa nguvu kuliko mwanzo, na anayetazama tu angeapa kwamba jeli imelainika. Kumbe imekaza! Miosini huzivuta nyuzi zikawa kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa, ngumu kusukuma pembeni, na kila inapoachia ghafla shanga hurushwa. Mtikisiko huo si wa joto tena.

Jambo la mwisho ni saa. ATP ikiwa tele, miosini hushika na kuachia haraka mno na mvuto hauonekani sana. Nilisubiri ipungue, ndipo mikondo ikaachana vizuri. Ilipokwisha kabisa, miosini iliganda kwenye nyuzi na mikondo ikakutana tena, jeli ikiwa ngumu lakini haijivuti. Anayetaka kipindi cha katikati kidumu aongeze kreatini fosfeti na kimeng'enya chake, virudishe ATP inayoliwa.